Kitabu Kisicho Rafuni

Miaka thelathini iliyopita, mtu aliyeingia maktaba ya chuo kikuu alikwenda kwanza kwenye kabati la droo ndogondogo. Alivuta droo, akapekua kadi kwa ncha ya kidole, akaikuta anayoitafuta: jina la mwandishi, jina la kitabu, mji kilikochapishwa, idadi ya kurasa, na kando yake namba ya Dewey. Kitabu kuhusu lugha ya Kiswahili kina 496.392, fasihi ya Kiswahili ina 896.392. Akainakili namba kwenye kipande cha karatasi, akapanda ghorofani. Kitabu kipo, au kimeazimwa, au kimeibwa. Jibu halikuzidi hayo matatu.

Leo mwanafunzi yuko hosteli, ameandika jina la makala kwenye simu, amebofya, na ukurasa unamtaka alipe dola thelathini na kitu. Jarida lenyewe chuo chake kimeshalilipia. Mkutubi anaweza kumwonyesha ankara. Mlango umefungwa kwa nini, basi?

Wengi wetu, wakuu wa vyuo wakiwamo, tukisikia maktaba na mtandao tunawaza fedha ya kununulia. Fedha ni tatizo, sikatai. Lakini kipo kisa kingine kisichoonekana kwenye bajeti. Kwa miaka ishirini na zaidi maktaba za Afrika Mashariki zimehangaika kupata, na kupata zimepata kwa kiasi kikubwa. Kazi ya kuorodhesha, ile ya kusema nini kipo, kiko wapi na nani ana haki nacho, imebaki nyuma. Na kilichoorodheshwa vibaya kuliko vyote ni kile tulichokiandika wenyewe.

Kadi haikufa kompyuta ilipoingia. Ilihamia humo nzima nzima. Katika miaka ya 1960 Henriette Avram, mtaalamu wa programu katika Library of Congress kule Washington, aliongoza kazi ya kuikatakata kadi vipande na kukipa kila kipande namba ili mashine ikisome. Mfumo huo ndio MARC. Sehemu ya 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 300 ni kurasa na ukubwa. Uliundwa kabla ya tovuti ya kwanza kuwapo, na hadi leo ndio uliomo tumboni mwa Koha, programu huria iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambayo sasa inaendesha maktaba nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania. Kadi za karatasi nazo ziliendelea kuchapwa kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani: OCLC, shirika la maktaba lenye makao yake Ohio, lilichapa za mwisho tarehe 1 Oktoba 2015.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 MARC iliongezewa sehemu ya 856, mahali pa kuandika anwani ya mtandao. Ni mstari mmoja tu, lakini umeigeuza kazi ya mkutubi. Sehemu ya 300 inaposema kitabu kina kurasa 212 na urefu wa sentimita 21, inasema jambo litakalobaki kweli hata mkutubi akistaafu. Sehemu ya 856 inasema kitu kinapatikana mahali fulani kwa leo. Kesho mchapishaji kanunuliwa na mwenziwe, tovuti imehamishwa, mkataba umeisha, na kumbukumbu ile ile iliyokuwa sahihi jana imekuwa uongo pasipo mtu kuigusa. Kwenye kadi mkutubi alieleza kitu alichokishika mkononi. Kwenye 856 anaeleza ahadi ya mtu mwingine.

Hapo pakazuka ubishi wa muda mrefu wa wakutubi, ambao kwa mtu wa nje ni kama mabishano ya yai na kuku. Jarida likiwapo kwa karatasi na pia kwa mtandao, liandikiwe kumbukumbu moja au mbili? Ukiandika moja, msomaji anaona kila kitu pamoja, lakini siku usajili wa mtandao unapokatika inabidi uipasue kumbukumbu nzuri ili uondoe kiungo. Ukiandika mbili, katalogi inajaa mapacha, na msomaji hajui amfuate yupi. Likiuzwa na mawakala watatu, je, ziwe nne? Mwaka 2009 wakutubi wa Marekani walikubaliana utaratibu wa kitabu cha kielektroniki kuwa na kumbukumbu moja isiyomtaja muuzaji, viungo vyote vikae chini yake. Mimi nauona uamuzi wa busara.

Kisha wingi ukazidi mikono. Kitabu cha karatasi hufika kimoja kimoja. Majarida ya mtandaoni huuzwa kwa vifurushi, na kifurushi kimoja chaweza kuwa na maelfu ya majina, mengine hakuna mtu chuoni aliyeyaomba. Kama kifurushi cha simu, nacho kina muda wake. Mwezi huu jarida limo, mwezi ujao limetolewa, au limeachwa lakini makala za miezi kumi na miwili ya karibuni zimefungiwa. Hakuna binadamu wa kuyaandika hayo kwa mkono, kwa hiyo maktaba hupokea kumbukumbu zilizotayarishwa na muuzaji na kuzimwaga kwenye katalogi kwa mkupuo. Tangu hapo katalogi husema anachosema muuzaji, na muuzaji ana haraka ya kuongeza majina, ya kuondoa hana. Mwaka 2010 ulitolewa utaratibu uitwao KBART wa kuwabana wauzaji waeleze orodha zao kwa namna moja: jina la jarida, namba yake ya ISSN, toleo la kwanza lililopo, toleo la mwisho lililopo, kizuizi kama kipo. Ni jedwali tu la safu na mistari. Lakini mkutubi aliyewahi kupokea orodha ambayo jarida moja limeandikwa kwa majina mawili na ISSN ya gazeti jingine kabisa ataliheshimu jedwali hilo.

Tatizo gumu zaidi ni lile la nakala iliyo halali yako. Makala moja inaweza kukaa sehemu nne: kwa mchapishaji, kwa mawakala wawili, na kwenye hazina ya chuo cha mwandishi. Wewe una ruhusa sehemu moja tu, na injini ya kutafutia haijui ni ipi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Herbert Van de Sompel na wenzake katika Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walipata dawa yake, ambayo baadaye ikaitwa OpenURL. Kiungo cha kawaida hubeba anwani. Kiungo chao hubeba sifa za makala, yaani jarida, mwaka, toleo na ukurasa, kisha hupitia kwanza maktaba yako kuuliza: huyu ana haki wapi? Ndipo kikufikishe huko. Ni kama kumuuliza mwenyeji njia kabla ya kushika barabara.

Katika maktaba zetu, badala ya mitambo hiyo, mara nyingi nimekuta ukurasa mmoja wa tovuti wenye majina ya hifadhidata kwa mpangilio wa alfabeti. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatarajiwa ajue kwamba historia ya pwani aitafute JSTOR na afya ya jamii aitafute Hinari. Hizo ni chapa wala si mada. Ni sawa na kumwambia mteja sokoni kwamba nyanya ziko kwa Mzee Fulani bila kumwonyesha Mzee Fulani anakaa upande gani.

Siku moja nilikaa mchana mzima pembeni ya mkutubi wa rasilimali za kielektroniki, mama wa makamo, katika maktaba ya chuo ambacho sitakitaja. Simu haikupumzika. Mmoja akauliza, “Shikamoo mama, mbona jarida linanidai hela?” “Marahaba mwanangu. Uko wapi?” “Niko hosteli.” “Unatumia mtandao wa chuo au bando lako?” Kimya. “Bando langu, mama.” Basi, ndiyo hiyo. Wachapishaji wengi hawamtambui mtu. Wanatambua anwani ya IP ya chuo. Ukiwa ndani ya uzio wewe ni mwanachuo, ukivuka geti na bando lako wewe ni mpita njia. Jambo lililonikaa zaidi lilikuja jioni. Hata waliokuwa ndani ya maktaba walikuja kulalamika kwamba wanadaiwa hela. Ikagundulika kwamba idara ya kompyuta ilikuwa imebadili kampuni ya intaneti wiki mbili nyuma, anwani za chuo zote zikabadilika, na hakuna aliyekumbuka kuiambia maktaba. Kwa wiki mbili chuo kililipia majarida ambayo hakuna aliyeweza kuyafungua. Mama yule akaanza kuwaandikia wachapishaji barua pepe, mmoja baada ya mwingine.

Dawa ya tatizo la uzio ipo tangu 1999, mwaka ambao mkutubi wa Arizona, Chris Zagar, alitengeneza EZproxy: mwanafunzi anaingia kwa jina na neno la siri la chuo, seva ya maktaba inamchukulia makala kwa niaba yake, na mchapishaji anaona anwani ya chuo tu. Siku hizi zipo na njia nyingine, ambazo kwazo chuo chenyewe humdhamini mwanachuo wake kwa mchapishaji bila kupitia seva ya kati. Zote zinadai kitu kimoja: orodha safi ya nani ni mwanachuo leo na nani alimaliza mwaka jana. Orodha hiyo mara nyingi haiko maktaba. Iko kwa msajili, na msajili na maktaba hukutana kwenye mahafali. Pale mambo yanaposhindikana kabisa, neno la siri moja la taasisi nzima huzunguka kwenye kundi la WhatsApp, kinyume cha mkataba, na wenye haraka zaidi huenda Sci-Hub, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan, isiyomuuliza mtu yuko hosteli gani.

Tuseme na la kupata, maana hapo kuna sifa za kutoa. Maktaba moja ikienda peke yake kwa mchapishaji mkubwa ni kama mkulima mmoja na gunia lake mbele ya mnunuzi wa mji mzima. Kwa hiyo maktaba zikaungana. Kenya wana KLISC tangu 2003, Tanzania wana COTUL, Uganda wana CUUL. Muungano husaini mkataba mmoja, kila chuo kinachangia kwa kadiri ya ukubwa wake, na wote wanafungua milango ile ile. Kwa miaka mingi INASP, shirika la Uingereza, liliwasaidia kujadili bei kupitia mpango wake wa PERI ulioanza 2002, kisha likawaachia wajadili wenyewe. Kabla ya hapo, wakati intaneti ilipitia satelaiti na kugharimu mno, njia ilikuwa kuleta maktaba ndani ya sanduku. Chuo Kikuu cha Cornell kilianza mwaka 1999 kusambaza TEEAL, majarida ya kilimo kwenye rundo la sidii, bila kuhitaji mtandao. SEACOM ilipoanza kufanya kazi pwani yetu Julai 2009, ikiwa waya wa kwanza wa baharini kutuletea intaneti, hesabu zote zikabadilika.

Upande mwingine wa kupata ni zawadi. Hinari ya Shirika la Afya Duniani ilianza 2002, AGORA ya FAO 2003, zikafuata nyingine za mazingira, uvumbuzi na sheria, na zote leo zinaitwa Research4Life. Nchi zimegawanywa makundi mawili: zinazopewa bure na zinazolipa kidogo. Nisingependa kuibeza zawadi iliyowasaidia madaktari wa wilaya kusoma makala ya mwezi huu badala ya kitabu cha miaka ishirini iliyopita. Lakini zawadi ina mwenyewe. Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliiondoa Bangladesh kwenye Hinari kwa majarida zaidi ya 2,500, kwa hoja kwamba sasa nchi hiyo ilikuwa soko. Kelele zikapigwa dunia nzima, ikarudishwa. Wasomaji wa Dhaka walipoamka asubuhi ile hawakuwa wamekosea lolote, na katalogi zao, nadhani, ziliendelea kusema majarida yapo.

Na kuazimana je? Kwa karatasi, sheria ni nyepesi: kitabu ulichokinunua ni chako, ukitaka kukituma Morogoro kwa basi, kitume. Cha mtandaoni hukununua kitabu, umenunua ruhusa, na ruhusa ina masharti yake. Mikataba mingi imekubali maktaba moja iitumie nyingine makala moja moja. Baadhi ikaweka sharti ambalo hadi leo nikilikumbuka nacheka: makala ichapwe kwanza kwenye karatasi, kisha karatasi iskaniwe, ndipo picha yake itumwe. Faili lipo, linapigwa marufuku kusafiri hadi livae kanzu ya karatasi. Vitabu vizima vya kielektroniki kwa kawaida haviazimishwi kabisa kati ya maktaba na maktaba. Internet Archive ya Marekani ilijaribu njia nyingine, kuskani vitabu vya karatasi ilivyonavyo na kuazimisha picha zake, kila nakala kwa msomaji mmoja kwa wakati. Wakati wa korona ikaliondoa hata sharti hilo kwa muda. Wachapishaji wanne wakaishitaki mwaka 2020, wakashinda Machi 2023, na rufani ikatupwa Septemba 2024. Mlango mkubwa uliofunguka ni mmoja, na umefunguka kwa wasioona: Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu kitabu kilichogeuzwa kuwa nukta za breli au sauti kivuke mpaka bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Kenya ilijiunga 2017.

Hatari haiko kwenye kufungiwa tu: hata kilichofunguliwa bure kinaweza kutoweka, na mfano wake uko Lamu. Msikiti wa Riyadha, uliohusishwa na Habib Saleh tangu mwishoni mwa karne ya 19, una hazina ya miswada, mingi ya Kiarabu. Kwa ufadhili wa mpango wa Endangered Archives wa British Library miswada hiyo ilipigwa picha na kuorodheshwa, ikawekwa mtandaoni bure. Mtu wa Muscat, wa Tanga au wa Toronto akaweza kufungua ukurasa ambao zamani ulihitaji jahazi na barua ya utambulisho. Tarehe 28 Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliiangusha British Library. Katalogi yake kuu ilirejea Januari 2024. Picha za miswada hazikurejea pamoja nayo. Kilichookoa ni sharti la mpango wenyewe: asili haiondoki nchini inakotoka, na nakala ya picha lazima ibaki humo. Miswada ilikuwa Lamu siku zote. Dunia ilikuwa imesahau tu kubisha hodi.

Hapo ndipo ninapotaka tutazame nyumbani. Vyuo vyetu karibu vyote vina hazina ya kidijitali, mara nyingi kwa DSpace, programu huria iliyotengenezwa na MIT na Hewlett-Packard mwaka 2002. Humo zimo tasnifu, ripoti na makala ambazo hakuna mchapishaji wa Uholanzi anayeweza kutunyang'anya. Hapa hatuhitaji leseni, proksi wala mjadala wa bei. Tunahitaji mtu wa kuorodhesha. Fungua uone. Mwandishi mmoja kaandikwa kwa sura tatu, mara jina la baba mbele, mara nyuma, mara herufi moja na nukta, mashine ikahesabu watu watatu. Shaaban Robert mwenyewe nimemkuta katika katalogi tofauti chini ya S na chini ya R. Muhtasari umenakiliwa kutoka kwenye picha iliyoskaniwa vibaya, “l” imekuwa “1”. Tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili, kuhusu Waswahili, kwenye chuo kinachofundisha Kiswahili, inapewa vichwa vya mada vya Library of Congress kwa Kiingereza. Ya methali iko chini ya “Proverbs, Swahili”, ya jando na unyago iko chini ya “Initiation rites”. Sipingi vichwa hivyo, maana ndivyo vinavyomfikisha mtafiti wa Tokyo. Ila yule wa Pangani anayeandika “unyago” apate nini? MARC imeweka sehemu ya 653 kwa maneno huru ya lugha yoyote. Ni kazi ya dakika mbili kwa kila kumbukumbu.

Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Ni jengo zuri na tulilihitaji. Lakini jengo hukatiwa utepe. Katika nchi hizi zote sijasikia waziri aliyealikwa kukata utepe wa kumbukumbu elfu kumi zilizosahihishwa majina ya waandishi, na ndiyo maana nafasi ya mkutubi wa kuorodhesha huwa ya kwanza kufutwa bajeti ikibana.

Nikupe kipimo kimoja unachoweza kukifanya sasa hivi. Anayesakinisha DSpace huanzia na namba ya mfano, 123456789, aitumie kwa majaribio, kisha asajili namba ya kudumu ya chuo chake. Namba hiyo iliyosajiliwa ndiyo inayofanya kiungo cha tasnifu kiendelee kufanya kazi hata chuo kikibadili tovuti. Isiposajiliwa, siku tovuti ikihama, kila rejeleo la kila tasnifu lililoandikwa katika kila kitabu duniani linakufa pamoja. Nenda kwenye hazina ya chuo chako, fungua tasnifu yoyote, tazama kiungo cha kudumu kilichoandikwa kwenye ukurasa wake. Ukikuta 123456789, mpigie mkutubi mkuu simu, kwa heshima, umwambie kusajili ni dola 50, na dola 50 nyingine kila mwaka.